Malalamiko: kengele yenu haikulia, oda 63 zikakwama, na mimi nikachekwa ofisini kwenu

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Programu ya Kusimamia Oda,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MFUMO WENU KUTOPOKEA ODA KUTOKA DUKA LANGU LA MTANDAONI, NA JINSI NILIVYOHUDUMIWA NILIPOKUJA KUULIZA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kwa heshima, kwanza kwa sababu nimelelewa hivyo, na pili kwa sababu binti yangu wa dukani amesimama nyuma ya kiti anasoma kila ninachoandika, kwa hiyo najizuia. Mkataba mnao. Saa 4 za kumjibu mteja mliziandika wenyewe. Tiketi zangu 5 zimo humo kwenye mfumo, kama hamjazifuta. Sina haja ya kueleza mimi ni nani wala nimelipia kifurushi gani. Fungueni jina la duka, mtaona.

Naanza na Jumatatu ile.

Nilifika ofisini kwenu saa tatu kasorobo asubuhi, mlinzi bado anafagia. Lilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani na nilikuwa nimefunga. Nikakaa kwenye kiti chenu cha plastiki chini ya feni isiyozunguka hadi saa nane mchana. Waliokuja baada yangu wakahudumiwa wakaondoka. Nilipoitwa, kijana wenu wa huduma kwa wateja hata spika za masikioni hakuzitoa. Nikamwambia taratibu: "Mwanangu, tangu Alhamisi usiku oda zinaingia dukani mtandaoni, lakini kwenye mfumo wenu hazifiki. Nadhani kengele yenu hailii."

Nilisema kengele kwa sababu ndivyo mpwa wangu alivyonieleza nikaelewa. Mteja akishalipia kikapu chake, duka langu la WooCommerce (programu inayoendesha duka langu la mtandaoni) linapiga kengele kwenye seva yenu, na seva inaipokea oda pale pale: jina, simu, bidhaa, mahali pa kupeleka. Ninyi mnaiita webuhuku. Mimi naiita kengele, na kazi yake ni hiyo hiyo.

Kijana akawageukia wenzake akasema kwa sauti, "Oyaa, bimkubwa anatafuta kengele! Mwambieni hapa si shule ya msingi." Wakacheka. Kisha akanigeukia mimi: "Mfumo hauna tatizo. Tatizo ni mtumiaji."

Kengele ilikuwa hailii, Ndugu Meneja.

Jioni ile, tukiwa tumeshafuturu, mpwa wangu alifungua mipangilio ya WooCommerce akanionyesha kwa kidole. Pale pa hali ya webuhuku pameandikwa imezimwa. Akafungua kumbukumbu za hiyo webuhuku: kuanzia Alhamisi saa tano usiku, kila oda iliyopigwa kwenu imerudi na namba 404, yaani anwani inayotafutwa haipo. WooCommerce ikishindwa kufikisha mara 5 mfululizo huizima webuhuku yenyewe, ndivyo ilivyotengenezwa, na mtu mwenye kazi ya kuunganisha maduka na mfumo anatakiwa alijue hilo kabla ya kulijua jina langu. Ninyi mlikuwa mmehamisha seva. Tangazo la kuhama nililipata Jumatano, siku 6 baada ya kuhama. Limeanza na "Habari njema kwa wateja wetu".

Najua mtauliza kwa nini sikufungasha mizigo moja kwa moja kutoka WooCommerce siku hizo nne. Kwa sababu ninyi ndio mlionikataza! Januari, siku ya kuunganisha, mlisema kila kitu kipite kwenu, lebo, hesabu ya stoo na risiti, la sivyo hesabu zitavurugika na msilaumiwe. Nikatii. Ijumaa nikaandika tiketi 2, Jumamosi 2, Jumapili 1. Jibu likawa moja kwa zote: "Tumepokea ombi lako." Mmelipokea mkalipeleka wapi?

Na kwa kuwa nimeitaja Januari, niliseme na la doti, maana ndilo lililonitoa machozi.

Khanga haiuzwi kipande. Khanga ni doti, vipande viwili vyenye pindo moja, mji mmoja na jina moja, na ukimpa mteja kipande kimoja umempa tambara. Hili hata mtoto wa Kariakoo analijua. Fundi wenu alipoingiza stoo yangu aliweka kipimo cha "kipande", kwa hiyo nikiandika doti 40, mfumo unazigeuza kuwa 80, kisha unakwenda kuandika 80 dukani mtandaoni, kwa sababu ufunguo mlioniomba, ule wa mfumo wenu kuingia dukani kwangu mtandaoni, una ruhusa ya kusoma na kuandika. Nililiona Januari hiyo hiyo nikapiga simu. "Tumesharekebisha, mama." Mlirekebisha bidhaa zilizokuwepo. Mzigo mpya wa Ramadhani ulipoingia, ukahesabiwa vile vile vya mwanzo.

Basi khanga yenye jina "Subira yavuta heri" (nisingechagua jina jingine kwa barua hii) ilikuwa stoo doti 40. Dukani ikasomeka 80. Wateja wakanunua 57. Doti 17 nimeziuza hewani, kila moja shilingi 18,000, na pesa zimeshaingia kwenye simu. Doti 12 kati ya hizo ni za mama mmoja wa Tanga, sare za Idi za mabinti zake na wakwe zake. Oda yake iliingia Ijumaa, ikawa miongoni mwa zile zilizokwama, kwa hiyo mpaka Jumanne hatukujua kwamba hatuna cha kumpa. Nilimpigia mwenyewe. Hakugomba. Alinyamaza kidogo, akasema, "Sasa mwanangu, si ungeniambia Ijumaa hiyo hiyo? Fundi nimeshampa malipo ya mbele." Nimemrudishia pesa yake yote, makato ya kutuma nimeyalipa mimi.

Kwa haki, yuko binti mmoja kwenu ambaye Jumanne asubuhi alinipigia, akatupa anwani mpya, akakaa kwenye simu na mpwa wangu hadi kengele ikawashwa. Huyo mpandisheni cheo. Ila baada yake kuna mtu saa nne alizivuta kwenye mfumo zile oda 63 zilizokwama, na saa tisa akazivuta tena. Zikawa 126. Kila oda ya WooCommerce ina namba yake, na oda namba 4417 ni 4417 hata ikiletwa mara kumi; mfumo unaojiita wa kusimamia oda ulipaswa kuitazama namba kwanza ndipo uandike. Wenu haukutazama. Ulitoa lebo mpya na kupunguza stoo mara ya pili. Na risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, zikatoka mara ya pili pia, kwa mauzo ambayo hayapo, na mimi sasa nieleze TRA, watu wa mapato, kwamba kengele ilikuwa imezimwa?

Mabinti zangu watatu walikuwa wanafungasha kwenye meza mbili, haraka haraka, ili mizigo iwahi mabasi. Oda 19 zilifungashwa mara mbili. Hadi tunashtuka, vifurushi 11 vya ziada vilikuwa vimeshapakiwa stendi ya Magufuli kwenda mikoani. Wateja 4 wamerudisha, Mungu awazidishie. Vifurushi 7 havijarudi, na simu zangu hazipokelewi.

Narudi kwenye Jumatatu. Niwieni radhi, nilikusudia nisirudie, lakini nikisoma nilivyoandika juu naona nimewapunguzia. Nimeandika "wakacheka" kama vile ni mzaha wa kijiweni.

Ilikuwa hivi. Kijana hakuniangalia. Aliniuliza jina la duka akiwa anakula chipsi mayai. Simlaumu kwa kula, si wote tunafunga. Akaifungua akaunti yangu, siyo kwenye kompyuta yake, bali kwenye lile televisheni kubwa mlilotundika ukutani mbele ya viti vya wageni. Orodha yangu yote ya wateja ikaonekana ukutani, majina, namba za simu, mitaa wanakoishi, doti ngapi na bei gani. Tulikuwa watu sita tunaosubiri. Mmoja wao ni mfanyabiashara mwenzangu wa khanga, tunaachana milango mitatu Kariakoo. Nilimwona anasoma. Nilimwona, Ndugu Meneja, midomo yake inakwenda kama mtu anayehifadhi. Nikasema, "Mwanangu, tafadhali funga hiyo kwanza." Hapo ndipo alipowageukia wenzake akasema bimkubwa anatafuta kengele, na kidole chake chenye mafuta kikiwa juu ya jina la mteja wangu kwenye kioo. Wenzake wakacheka, na yule mwenzangu wa milango mitatu naye akacheka. "Tatizo ni mtumiaji." Nilichukua mkoba wangu nikatoka. Kwenye ngazi nililazimika kukaa chini, sikula tangu daku na magoti yalikataa.

Nina miaka 22 katika biashara ya vitambaa. Nimeshatapeliwa bandarini, nimeshanyeshewa na marobota yangu. Sijawahi kufanywa kichekesho na mtu ninayemlipa.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai jambo moja tu: mnirudishie shilingi 765,000 za miezi 9 iliyobaki kwenye mwaka niliolipa mbele, tuachane salama. Sasa nimeshaandika kurasa mbili na naona hilo halitoshi. Nataka mwaka wote, 1,020,000, kwa sababu hata ile miezi 3 mnayodhani mmenihudumia mlikuwa mnanihesabia doti moja mara mbili. Nataka 412,000, bei niliyonunulia mali iliyo kwenye vile vifurushi 7, na 55,000 nilizolipa mabasi kusafirisha 11 visivyotakiwa. Jumla 1,487,000. Makato ya kuwarudishia wateja nawaachia, chukueni kama sadaka. Nataka pia barua yenye mhuri wenu inayoeleza zile risiti zilizojirudia, nimpe mhasibu wangu.

Na nataka kuombwa radhi. Siyo kwa ujumbe wa simu. Iandikwe na kusainiwa na wewe mwenyewe, ibandikwe kwenye televisheni ile ile saa za kazi, nami nitakuja kuisoma nikiwa nimekaa kwenye kiti kile kile. Nitakuja na mwenzangu wa milango mitatu.

Ufunguo wa duka langu nimeshaufuta jana, kwa hiyo msihangaike kujaribu. Ila taarifa za wateja wangu bado mnazo. Zifuteni, na mnithibitishie kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 mnaijua kuliko mimi, mmeitaja wenyewe kwenye masharti yenu, tena kwa herufi kubwa. Nawapa siku 7 za kazi. Zikipita, barua hii inakwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikiwa na majina ya mashahidi wawili waliokaa karibu nami, na nakala Tume ya Ushindani. Mpwa wangu anayo picha ya kila ukurasa wa kumbukumbu za seva, saa na dakika.

Nilikuwa nimalizie hapo kwa kutanguliza shukrani. Lakini sasa hivi, saa nne na dakika kumi usiku, simu yangu imetoa mlio. Ni ujumbe kutoka kwenu: "Mpendwa mteja, tumefurahi kukuhudumia! Tupe nyota 5." Kumbe kengele nyingine mnazo, na zinalia vizuri.

Siku 7 nimezifuta. Ni siku 3 za kazi, kuanzia saa mtakayoisaini barua hii kwa aliyeileta. Siku ya nne asubuhi nitakuwa kwa wakili.

Mteja wenu wa zamani,

(Sahihi)
Mmiliki, duka la khanga na vitenge,
Kariakoo.

Nakala: Mhasibu wangu, jalada la dukani.