Barua kwa Somoe, mchoraji wangu

Masasi

Mwanangu Somoe,

Marahaba. Huku hatujambo. Mguu wa mama yako umeacha kuvimba, mikorosho imetoa maua, na vumbi la salfa limetujaa puani kama kawaida ya msimu. Ya nyumbani yatoshe.

Ujumbe wako niliusoma mara moja nikautafuta wino. Mambo mengine hayajibiki kwa kidole kwenye simu. Umesema yule mnunuzi wa hapo Dar anataka uachane na watu wako wa midomo mipana, uchore twiga na tembo kama wenzio, halafu usitie jina chini ya picha. Akipata hivyo atazibeba zote kwa mkupuo. Na hoja yake kubwa ni kwamba hata Tingatinga aliuza picha za wanyama.

Basi tuanze na huyo Tingatinga, maana naona anatumika kukutisha. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 kwa jirani zetu Tunduru. Alipita kwenye mkonge wa Tanga, akahamia Dar es Salaam, akaishi kwa kazi za vibarua. Kuchora alianza mwaka 1968 hivi, na 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Hesabu mwenyewe: kazi yote inayotajwa dunia nzima ni ya miaka ipatayo minne. Wanaomwiga humwona chui na ndege. Mimi niliyekula jasho la brashi miaka yangu yote namwona fundi anayejua kubana matumizi. Hadibodi moja, ule ubao mwembamba aliochorea, ya futi nne kwa nane inatoa vipande nane vya futi mbili kwa mbili, wala hakibaki kipande cha kutupa. Rangi yake ilikuwa rangi ya mafuta ya kopo, ile ya baiskeli na milango. Na rangi hiyo ina tabia yake, unaijua: ikishaanza kushika ngozi huwezi kuichanganya na jirani yake, ukilazimisha inavuta nyuzi. Ndiyo maana picha zake ni bapa, kila rangi na mpaka wake, nyuma kumepakwa rangi moja. Mtindo ulitoka kwenye kopo. Sasa huyo mnunuzi anataka uige matokeo bila kujua chanzo.

Lakini mtu wako wewe si Tingatinga. Mtu wako ni George Lilanga.

Lilanga alizaliwa 1934 Kikwetu, huku huku Kusini, Mmakonde kama bibi yako. Baba yake alikuwa kibarua wa mkonge. Alijifunza kuchonga kwa muhogo, akaja miti laini, ndipo akapewa mpingo. Usilipite hili haraka. Muhogo ukikosea unautupa jikoni, hakuna anayekulaumu. Mpingo haukupi nafasi hiyo: ni mgumu, patasi inateleza, mti wenyewe unakua kwa makumi ya miaka kabla haujafaa, na chini ya gome kuna weupe unaouondoa ndipo uukute weusi. Mkono uliopita huko ukishika brashi hausiti. Tazama mstari wake wa nje, unakwenda bila kigugumizi.

Dar es Salaam alifikia kwa mjomba wake, Augustino Malaba, naye mchongaji. Mwaka 1972 Malaba akamtafutia kazi Nyumba ya Sanaa, ile iliyoanzishwa na Sista Jean Pruitt, mtawa wa Kimarekani. Kazi gani? Ulinzi wa usiku! Mlinzi wa lango ndiye baadaye aliyewatengenezea vyuma vya uzio vyenye mashetani yake, wale viumbe wa ajabu wanaochongwa na Wamakonde. Hapo akaacha kujifunga kwenye mti: akachora kwenye ngozi ya mbuzi, akafanya batiki, akachora kwa wino, akaingia kwenye rangi za kopo. Mwaka 1978 kazi zake zilikuwa Washington pamoja na za wenzake wa pale. Sukari ilimsumbua sana uzeeni, hadi akakatwa miguu, na hakuacha kazi. Wasaidizi walikuwa wakimsaidia. Alifariki 2005. Kwa jicho langu, zile za mwisho kuna nyingine zina haraka ya mikono mingi, na nikipewa kuchagua nachukua ngozi za mbuzi. Mama yako anasema mimi ni mbishi tu.

Sasa swali lako: yale masikio makubwa, matumbo yaliyotuna, vidole viwili vitatu, Lilanga aliyatoa wapi? Mashetani kwenye mpingo hakuyaanza yeye. Yanahesabiwa kwa Samaki Likankoa, mchongaji aliyetoka Msumbiji, miaka ya hamsini huko Dar es Salaam. Kabla yake Wamakonde walikuwa na vinyago vya kuvaa, vya midimu, watoto wakitoka jandoni. Alichofanya Lilanga ni kuwashusha mashetani uani kwetu. Wamebeba ndoo, wanagombana, wanacheza ngoma, mmoja anamsengenya mwenzie. Na majina ya picha aliyaandika kwa Kiswahili, sentensi nzima nzima, kama mtu anayekupasha habari za mtaa. Ndiyo sababu zinachekesha hata kabla hujajua kama ni sanaa.

Wewe midomo ya watu wako umeitoa kwa bibi yako na ndonya yake, kile kipande kinachovaliwa kwenye mdomo wa juu, unadhani sikuona? Ulikuwa ukikaa kwenye jamvi unamtazama anavyokunywa uji. Na zile kuta zenye michoro ya mkaa na udongo mwekundu ulizozichora nyuma ya jiko hukuzianza wewe. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala, akakuta watu wanachora ukutani, akawa anawapa karatasi na penseli wamchoree. Alibeba michoro yao kwenda nayo Ujerumani. Kwa hiyo mtu akikuambia michoro ya watu haina asili, kwamba ya Kiafrika ni tembo, mwambie aje Masasi nimtembeze.

Kuhusu jina. Unajua kangomba. Mtu anakuja msimu wa njaa, anakupa fedha kidogo au unga, korosho zikiiva anazichukua kwa bei aliyoipanga yeye, na ghalani zinaingia kwa jina lake. Huyo wako anafanya kangomba ya picha. Kodi ya chumba inakubana, ameliona hilo, amekuja na fedha mkononi. Twiga mchore ukipenda, wala si dhambi. Nimeandika mabango ya mabucha yenye ng'ombe wanaotabasamu, nikalipwa, nikawasomesha. Ila hata bango la bucha nilitia sahihi yangu kwenye kona, na wateja wa Nachingwea walinifuata kwa hiyo kona.

Fanya hivi. Mpe bei ya picha moja moja, si ya furushi. Sahihi iwe mbele, chini kulia. Nyuma andika mwaka na jina la picha kwa Kiswahili, refu utakavyo. Piga picha ya kila kazi kabla haijatoka mlangoni, na daftari la nani kanunua nini uwe nalo. Akikataa masharti, aende. Rangi ya kopo usiiache kwa kuwa wenzio wamehamia kwenye akriliki. Ila hewa ya bahari hapo inachelewesha kukauka, kwa hiyo usirundike picha, na tina ya kuzimulia rangi usizidishe, rangi itapauka.

Kodi ya miezi mitatu nitaichangia korosho zikiingia mnadani. Nitajie kiasi mapema, maana mama yako naye ana mipango yake na hizo fedha, na bati la jikoni linavuja.

Wasalaam,
Baba yako