Barua kwa mwanangu: inua macho kwanza

Mwanangu,

Salamu sana. Sisi huku Pangani hatujambo, isipokuwa goti la bibi yako. Jana mjomba wako alinipigia, akaniambia mchoro wako wa kanga umerudishwa kwa kuwa lile ua ulilolitoa kwenye simu lilishatumika kwenye nguo za watu wengine. Sikulala. Si pesa iliyoninyima usingizi, baba. Ni macho yako.

Idi hii ulikaa nasi siku tatu. Jogoo wa jirani alipanda juu ya kinu, jua likampiga mkiani, kijani ikawa inageuka zambarau kila akijitikisa. Nikakuita. Ukajibu, "Nakuja, mama." Hukuja.

Kanga yenyewe, wazee husema, ilipata jina kwa sababu zile za mwanzo zilikuwa na madoa meupe juu ya weusi, kama ndege kanga. Basi yuko mtu aliyekaa akamtazama ndege. Na Edward Saidi Tingatinga, aliyepita huku kwetu Tanga kwenye mashamba ya mkonge kabla ya Dar, alipoanza kuchora mwaka 1968 alitumia vipande vya ubao wa dari na rangi ya baiskeli. Ndege na wanyama wake hakuwanakili kwenye simu.

Leo saa nne nilikuwa barazani nasuka ukili. Jua lilipenya kwenye ua wa makuti, likalaza mistari sakafuni: miwili myembamba, mmoja mnene, halafu miwili tena. Nikapanga miyaa myekundu na myeupe vivyo hivyo. Mkeka haujashonwa na tayari una mwenyewe. Ukitaka, itie mistari hiyo kwenye pindo, mji wa katikati uuache mtupu. Usipotaka, tafuta yako. Hapo unapopanga hapakosi dirisha, wala muuza samaki wa asubuhi. Msimamie anapopaa changu, uone magamba yanavyolala moja juu ya jingine. Simu ibaki mfukoni kwanza, nakuomba.

Mkono wako sina shaka nao. Ile doti yako ya mikarafuu niliivaa arusini, wanawake watatu wakanishika pindo kuuliza nimeinunua wapi. Nilisema ni ya mwanangu, na sauti niliipandisha makusudi. Ndiyo maana inaniuma mkono kama huo ukifuata ua la mtu usiyemjua.

Ukuta wa jikoni umeanza kubanduka chokaa. Mguu wa kunguru wako uliyemchora kwa mkaa umetokeza, na kipande cha bawa. Fundi alitaka kuupaka upya, nikamwambia auache. Ulikuwa na miaka saba tu, na mimi siku ile nilikuwa na deni la duka kichwani, nikampaka chokaa.

Fundi huyo huyo ametia koki mpya kwenye tangi, bado ananidai nusu. Luku uliyotuma imefika. Dada yako anataka daftari kubwa la hesabu, usimsahau. Na shuka lako la kijani uliliacha kambani, nimelikunja.

Mbuzi mweusi amezaa pacha. Mmoja ana doa jeupe pajani, lina umbo ambalo sijapata kuliona. Sitakueleza likoje, wala sitakutumia picha. Njoo ulitazame mwenyewe.

Mama yako