Jibu la swali lako la Misali nimelipata Bali

Maskati, 2 Septemba

Kwako shoga yangu Mwanakombo,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi hatujambo, watoto hawajambo, mguu wa Baba Nassor umepona. Natumai na nyinyi huko Chake, Pemba, wazima, Mama anaendelea vizuri na macho yake, na karafuu mwaka huu zimeitika. Salamu nyingine tutapeana mbele, nina jambo linanichoma.

Najua umekasirika. Barua yako ya mwezi wa tano niliisoma mara tatu siku ile ile, nikaitia mkobani, na tangu hapo kila nikitaka kukujibu mkono unakuwa mzito. Uliniuliza swali moja tu: uwapeleke wageni pangoni, kisiwani Misali, au usiwapeleke? Ati yule wakala anakupa kwa siku moja zaidi ya unachokipata dukani kwa wiki, na anachotaka ni wageni waingie hadi ndani, wapige picha ubani wa watu na vitambaa vya watu, wanavyoviacha kwa haja zao. Ningekujibu nini? Kukwambia usiende ni rahisi kwa aliyekaa Maskati, asiyelipa ada za wanao. Kukwambia nenda, moyo ulikataa. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa kosa. Nisamehe.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita Baba Nassor alikuwa na mafunzo ya kazi Bali, kisiwa cha Indonesia, siku nne, mahali panaitwa Nusa Dua. Shule zimefungwa, nikafuatana naye mimi na Nassor. Siku ya kwanza tulichukua dereva wa hapo hapo barabarani. Akatupeleka duka la vito vya fedha, duka la vinyago, mahali pa kuonjesha kahawa, halafu hekalu moja dakika ishirini, haya pandeni gari. Kila duka anapokewa kwa jina lake, na sisi tunatazamwa mifuko. Nilirudi hotelini nimekasirika karibu ya kulia.

Siku ya tatu mke wa mwenzake Baba Nassor akatupa namba ya mtu wake. Gari moja, dereva ndiye mwongozaji, siku nzima ni yenu peke yenu, na bei ni ya gari, si ya kichwa: rupia 750,000, mafuta na maegesho humo humo. Saa kumi na mbili asubuhi kamili alikuwa mlangoni. Kule kijana wa kiume wa makamo unamwita Bli, maana yake kaka, basi nami nikamwita hivyo hadi usiku. Juu ya dashibodi ameweka kikapu kidogo cha makuti machanga, ndani maua, chembe za wali na kijiti cha udi. Sadaka hizo zimo kila mahali, kizingitini, ngazini, mbele ya benki, na watu wanazikwepa kwa miguu bila kuambiwa. Indonesia ina Waislamu wengi kuliko nchi yoyote duniani, lakini Bali wengi ni Wahindu, na Uhindu wao wana namna yao.

Hekalu la kwanza ni Taman Ayun, la wafalme wa Mengwi, la mwaka 1634. Limezungukwa na handaki la maji, kisha kuta, na uani kabisa kuna minara ya mapaa, paa juu ya paa, yameezekwa kwa nyuzi nyeusi za mti wa jamii ya mnazi. Hesabu ya mapaa ni witiri daima, matatu, matano, hadi kumi na moja, shufwa huioni. Mwanakombo, ule ua wa ndani mgeni haingii. Ukuta wake ni mfupi, unapita kwa nje ukiuzunguka, unaona kila kitu, lakini mlango umefungwa. Sasa pale mlangoni palikuwa na mgeni mmoja na kamera kubwa, akamtolea mlinzi noti, mlinzi akaweka viganja pamoja kifuani, akatabasamu, akatikisa kichwa. Yule mgeni akaongeza noti. Mlinzi vile vile.

Bli hakumsema yule mtu. Sisi akatwambia: "Humo hata mimi siingii kama sikuja kusali. Njooni hapa kwenye kona, nitawaonyesha." Akatusimamisha kwenye kivuli, akatusimulia karibu nusu saa. Kwamba ile minara ndani haina sanamu, ni viti vya wageni wa mbinguni ambao hushuka siku ya sherehe ya hekalu, kila baada ya siku 210 kwa kalenda yao. Kwamba siku hiyo mama yake hubeba matunda kichwani, mnara mzima wa matunda. Nassor, ambaye hatulii mahali, alitulia. Nami nimesimama pale nje ya ukuta nimeshiba, sikosi kitu, na ghafla nikaiona barua yako mkobani.

Ngoja, nitarudi hapo. Lazima nikwambie kwanza habari ya karafuu.

Tulipanda milimani hadi Bedugul, kiasi cha mita 1,200 juu, baridi ya kuvaa sweta. Pana ziwa Beratan, na hekalu la Ulun Danu limesimama majini, ukungu unapita katikati ya mapaa yake. Ni la mungu wao wa kike wa ziwa, kwa sababu maji ya mashamba yanatoka huko. Ukigeuka nyuma tu, kwenye kilima cha ng'ambo ya barabara, unaona kuba za msikiti. Kuna mtaa mzima wa Waislamu hapo, katika kijiji cha Candikuning. Nilimuuliza Bli kama tutapata kuswali, akaniambia ameshapanga, tutazunguka kaskazini kidogo kisha turudi adhuhuri itukute hapo. Alifikiri sala yetu kabla sisi wenyewe hatujaifikiri.

Huko kaskazini ni Munduk. Dirisha liko wazi, tunateremka kona baada ya kona, mara nanusa Wete mwezi wa nane. Nikapiga kelele: "Simama!" Baba Nassor angekuwepo angedhani nimeumwa na nyoka. Karafuu, shoga! Zimeanikwa kando ya lami kwenye maturubai, nyekundu zinageuka kahawia, na juu yake mikarafuu yenyewe imeegemezwa ngazi za mianzi. Kizingitini kikongwe amekaa na ungo anachambua. Vile vile, Mwanakombo! Anashika shada, analisokota kiganjani, karafuu huku, makonyo kule. Nikakaa chini nikachukua shada. Alipoona mkono wangu unajua, alicheka mpaka akafuta machozi, akaita jirani zake waje kutazama.

Unakumbuka bei ilipoanguka miaka ya 1980? Wazee walisema Waindonesia, waliokuwa wakinunua karafuu zetu kwa sigara zao, wamepanda zao na hawatutaki tena. Baba aliiacha mikarafuu ya bondeni bila kuchumwa mwaka ule, na mimi sikupata sare mpya. Tangu utoto nilikuwa na kinyongo na mtu wa Indonesia nisiyemjua. Kumbe huyu hapa, ncha za vidole zimekoza weusi kama za bibi yangu, naye anamlalamikia Bli bei. Kila mwaka bei, bei. Nilishindwa kusema. Bli alisimama kando akatuacha, hakutazama saa.

Nimekuwekea karafuu chache kwenye bahasha, unuse, uniambie kama ni mimi tu au zetu zina ukali zaidi.

Tukarudi tukaswali. Bli alikaa nje ngazini na viatu vyetu. Tukala hapo hapo kijijini, wali na samaki na pilipili isiyo na huruma. Mezani Nassor akaanza mchezo wa maneno: wao meza ni meja, bendera ni bendera, dunia ni dunia, sabuni ni sabun, karatasi ni kertas, Alhamisi ni Kamis, na kuulizana hali ni "apa kabar?" Kila neno likilingana anagonga meza. Bli naye akawa anagonga.

Mchana alitupeleka Jatiluwih, na hapo maneno yananiishia. Mlima mzima umekatwa ngazi za mpunga, kijani juu ya kijani mpaka macho yanaposhindwa. UNESCO waliziweka katika urithi wa dunia mwaka 2012, wala si kwa uzuri tu, ni kwa sababu ya umoja wa wakulima wao, subak, ambao umeanza tangu karne ya 9. Maji ni ya wote. Hekaluni ndipo wanapokubaliana nani afungue mfereji lini, nani apumzishe shamba. Bli alisema miaka ya 1970 serikali iliwataka walime mfululizo, kila mtu kivyake, wadudu wakazaliana kwa sababu mpunga haukosekani shambani, mavuno yakaharibika, mwisho wakarudia ratiba ya mahekalu. Baba yake ni mkulima. Bli mwenyewe, alipoeleza mferejini, alivua viatu akaingia, akatuonyesha kipande cha mti kinachogawa maji: kimechongwa mapengo kwa kadiri ya shamba la kila mmoja. Nilifikiri mabonde yetu ya mpunga na ugomvi wa kila masika.

Jioni ilikuwa Tanah Lot, na hapa foleni za magari zilituchosha kweli, na maduka kutoka maegeshoni hadi ufukweni yamebanana, sikupapenda. Lakini lile hekalu! Limekaa juu ya mwamba baharini. Maji yakijaa ni kisiwa, yakipwa unavuka kwa miguu hadi chini yake, ambako kuna chemchemi ya maji matamu katikati ya chumvi. Ule mwamba bahari ilikuwa inaula, wakautengeneza kwa msaada wa Japani; kiasi cha theluthi ya jiwe unaloliona imefanywa kwa mikono. Watu walipanga mstari kubarikiwa na makuhani pale chemchemini. Bli akaniambia kwa upole kwamba ile ni ibada, anayetaka na ajiunge, asiyetaka akae naye kwenye mawe yale. Tukakaa naye. Juu hekaluni kwenyewe asiye wa dini yao hapandi. Jua likazama, hakuna aliyedai arudishiwe pesa kwa sababu hakupanda.

Ndiyo maana nakuandikia. Shoga yangu, wapeleke wageni Misali. Wapeleke! Waonyeshe mikoko na matumbawe, wasimulie wavuvi wa dago wanaopiga kambi hapo, fukwe wanazotagia kasa. Wasimulie habari ya Nabii Khidr alivyowaomba wavuvi msala, wakawa hawana, akawaambia kisiwa chenyewe kimeelekea kibla, ndicho msala wake. Hadithi ile unavyoisimulia wewe hakuna mwingine. Mimi ulinitoa machozi tukiwa darasa la sita. Kisha njia ya pangoni wasimamishe pale penye mti mkubwa, uwaambie: sisi hapa ndipo tunapoishia, ndani kuna watu na haja zao. Mimi na wewe tunajua Maalim anasemaje juu ya mapango, na sina ubishi naye. Lakini mwanamke aliyeacha kitambaa pale kwa ajili ya mtoto mgonjwa hakukiacha kipigwe picha. Ungekuwa wewe? Ingekuwa mama yako?

Na wakala mwambie mapema, kabla ya boti kuondoka Wesha, si mukiwa mmeshafika. Akikataa, mwache aende zake. Wachukue wachache wachache, familia moja, bei ya boti nzima. Tia maji ya kunywa, miavuli, kanga za kujistiri. Usiwapitishe dukani kwa mtu bila wao kuomba. Nimezungumza na Baba Nassor: miezi mitatu ya mwanzo ya kukodi boti tutakutolea sisi, utarudisha ukipata, na usinijibu kwa maneno ya haya za kwenu.

Nimempa Bi Hidaya saruni kumi za Bali, anakuja huko kati ya mwezi. Zile za kijani ni za boti. Ya zambarau ni yako, usimpe mtu, hasa usimpe Time.

Sasa nijibu haraka. Bado hujampa wakala neno? Hamadi ile boti yake ina mashine nzima au ndiyo ile ya kusukumwa? Kuingia Misali siku hizi ruhusa unaombea wapi, na wageni wanalipa kiasi gani? Bamvua la mwezi huu linaangukia tarehe ngapi? Mtoto wako wa pili bado anajifunza Kifaransa, anaweza kukusaidia? Mama ameshapelekwa kwa daktari wa macho au mnangojea mimi nipige kelele? Na lile pango, zile ngazi za mawe bado zipo, au zimeshamomonyoka?

Wasalimie wote, mmoja mmoja.

Ni mimi nduguyo,
Zuwena