Barua kwa shoga yangu: uasi wa Moramanga wa 1947

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, ila mvua imetuzidi.

Umeniuliza wakulima wa Madagaska walipata wapi moyo wa kuvamia kambi ya jeshi kwa mikuki. Mimi naanzia kwenye mchele. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wakoloni wa Kifaransa waliweka ofisi ya mchele: mkulima analazimishwa kuuza mavuno yake kwa bei ya kutupa, kisha njaa ikimbana anauziwa mchele ule ule kwa bei ya kuruka. Juu yake kuna kazi za shuruti kwenye mashamba ya walowezi. Na vijana walioipigania Ufaransa huko Ulaya walirudi wakakuta kwao bado ni watu wa kutumwa.

Usiku wa Machi 29, 1947, wakainuka. Walishambulia kambi ya jeshi ya Moramanga, mji wa njia ya reli, na Manakara kule pwani ya mashariki. Wengi walishika mikuki na mapanga tu, na waganga wamewaambia risasi zitageuka maji. Najua hapo umeshamkumbuka Kinjeketile wa Maji Maji. Hata mimi.

Ufaransa ikaleta askari, wakiwemo Waafrika wenzetu kutoka Afrika Magharibi. Linaniuma sana hilo, mtoto wa mkulima kutumwa kumuua mkulima.

Lakini la mabehewa ndilo linaloninyima usingizi. Mei mwaka ule, wafungwa zaidi ya mia walioletwa kutoka Ambatondrazaka walikuwa wamefungiwa ndani ya mabehewa ya treni pale Moramanga. Usiku askari wakayamiminia risasi. Watu wameshakamatwa, shoga, mlango umefungwa!

Wabunge watatu wa Madagaska, Raseta, Ravoahangy na Rabemananjara, walibebeshwa lawama ya uasi ingawa walikuwa wametuma telegramu kuwasihi watu watulie. Wawili walihukumiwa kifo, ingawa hawakunyongwa.

Na wengi hawakufa kwa risasi. Walikimbilia msituni na watoto wao, njaa na maradhi vikawamalizia huko. Wafaransa kwanza walitaja wafu 89,000, baadaye wakashusha hadi 11,000 na kidogo. Wanahistoria wanabishana mpaka leo, nami nakasirika kila nikizitazama namba hizo mbili.

Ukifika kwenye somo la harakati za uhuru, nakuomba uwape wanafunzi wako Moramanga kipindi kizima. Ramani nitampa yule kijana wa basi akuletee Ijumaa.

Nisalimie mama na watoto.

Shoga yako akupendaye