Lile shina linanisumbua

Neema shoga yangu,

Habari za siku nyingi, watoto hawajambo? Mimi mzima. Najua nimekaa kimya mno, utanisamehe, leo naandika maana kuna kitu kimeninyima usingizi tangu jumapili.

Kile kilima cha mawe ya chokaa nilichokwambia, huku kusini mwa Ufaransa, nimekipanda. Nikakuta airisi za porini Neema, zenye ndevu kabisa, zimeota kwenye nyufa za mawe, njano na zambarau zimechanganyikana, hazifiki hata magotini. Nikapiga magoti nikaangalia ndani ya moja, ile petali inayoinama ina vinyweleo vya manjano vimesimama kama mswaki, nyuki akavipanda akazama mpaka ndani, anatoka mgongo umejaa chavua. Nilikaa pale hadi miguu ikafa ganzi.

Sasa nikamtumia Hamisi picha, akajibu palepale hiyo pumila, ile aina ya airisi fupi, na mimi nikaandika pumila kwenye daftari. Usiku ndo nikaanza kuwaza, mbona zilikuwa na shina? Pumila haina shina la maana, kinachonyanyua ua ni ule mrija wake mrefu chini ya petali, sentimita 5 mpaka 10. Hizi zangu shina linaonekana kabisa, refu kama kiganja. Na mrija, nilipata ua moja limeshanyauka nikabandua yale majani mawili yanayolifunika kwa chini, nikalipiga picha pembeni ya kalamu, haizidi sentimita 3. Halafu pumila kwao ni mashariki, Austria kwenda Ukraine hadi Urusi, inayoota huku ni lutescens, airisi nyingine fupi, nayo inatoa njano na zambarau kilima hichohicho, kwa hiyo rangi haisaidii kitu kabisa. Germanica nayo nimeitoa, ile ya bustani inayotorokea porini, ile ni ndefu na shina lina matawi, hizi shina moja ua moja, chache sana mawili.

Basi nimefuta pumila nimeandika lutescens na alama ya kuuliza. Hiyo alama inaniuma, maana mrija nimepima mmoja tu.

Hamisi anasema ningechimba tunguu niende nalo nyumbani. Nilikasirika kweli. Mmea umeng'ang'ania mawe miaka yote hiyo nije niung'oe kwa sababu ya jina?

Jumamosi narudi na rula, kabla maua hayajaisha. Nisaidie kabla ya hapo. Ile picha ya tatu ikuze, unaona mrija unaanzia wapi, au hicho nilichopima kimeingia na kifuko cha mbegu? Nipime maua mangapi ndo niamini? Wewe zile zako za mwaka juzi ulizipimaje? Na mguu wa mama vipi, ameanza kukanyagia?

Wako,
Rehema