Kulwa mwanangu, kiima si lazima awe mtenda

Kulwa mwanangu,

Sentensi zako za majaribio nimezisoma zote. Kazi ni safi, na nimefurahi. Ila kuna jambo linanikosesha raha, na kwa kuwa Jumatatu unaanza kazi yenyewe ya kuziwekea sentensi za Kiingereza alama za kufundishia programu ya kompyuta, afadhali nikwambie sasa: kila aliyekaa mwanzo wa sentensi umempa utenda.

Kwenye "The window broke" umeandika dirisha ni Arg0, yaani mtenda. Dirisha limevunja nini? Hilo ni Arg1, ndilo lililopatwa na jambo. Kwenye "The boy broke the window" mtoto ni Arg0, na dirisha ni Arg1 vilevile. Namba haitazami neno limekaa wapi, inatazama linahusikaje na tendo. Nimeshangaa ukosee wewe, maana lugha yako inakuonyesha: mtoto kavunja dirisha, dirisha limevunjwa, dirisha limevunjika. Sisi tunanyambua, Kiingereza kinaliacha "broke" lilelile mbele na nyuma. Basi kabla ya kuweka namba, itamke sentensi kwa Kiswahili. Ukijikuta umesema -ika, simama, huenda mtenda hayumo kabisa. Shuleni mlikaririshwa kwamba kiima ndiye mtenda, nasi nyumbani tukanyamaza.

Halafu anza na maana, dhima zifuate, yaani nani anahusikaje na tendo. PropBank, ule mkusanyo wa vitenzi tunaoufuata, ina orodha ya dhima kwa kila maana ya kitenzi. "She left Mwanza" ni leave.01, kuondoka, na Mwanza ni Arg1. "She left the house to Doto" ni leave.02, kuachia mtu kitu: nyumba ni Arg1, Doto ni Arg2. Ukikosea maana, dhima zote zinakwenda upande.

Arg0 na Arg1 zimetulia kidogo. Kuanzia Arg2 kila kitenzi kina yake, kwa hiyo fungua faili la kitenzi kila mara, usitegemee kichwa. Chukua mama anayemuuzia mchuuzi dagaa pale Mwaloni. Kwa "sell", mama ni Arg0, dagaa Arg1, mchuuzi Arg2, bei Arg3. Biashara ileile ukiieleza kwa "buy", mchuuzi anakuwa Arg0 na mama anahamia Arg2. Dagaa na bei havisogei. Mahali na wakati ni ArgM, yaani maelezo ya ziada, hapo hukukosea hata mara moja.

WordNet nayo, ile kamusi ya kompyuta ya maana za maneno ya Kiingereza, usiiendee mbio. "Run" peke yake kama kitenzi ina maana 41, "break" ina 59. Maana zinazotumika zaidi zimetangulizwa, ndiyo sababu maana ya kwanza huonekana sahihi hata pale isipofaa. Isome orodha mpaka chini. Na wewe na mwenzako mkibishana juu ya maana mbili zilizokaribiana mno, msilazimishane, andikeni kwa msimamizi. Waliotengeneza OntoNotes, mkusanyo mwingine wa matini zilizowekewa alama, waliunganisha maana za namna hiyo mpaka waweka alama wakafikia kukubaliana kwa asilimia 90 hivi.

Vivumishi umevipatia, jicho lako hapo ni kali. Lakini mtego ni uleule, baba. "John is eager to please": John ndiye anayetaka kuwafurahisha wengine. "John is easy to please": John ndiye anayefurahishwa. Kiima ni kilekile, mahali ni palepale, dhima zimegeuka. Umeliona kwenye vivumishi, kwa nini kwenye vitenzi unalisahau?

Najua mnalipwa kwa sentensi na mkono unataka kukimbia. Usikimbie. Alama mbovu haionekani siku unayoiweka. Programu itajifunza kutoka kwako, nayo itarudia kosa lako kila itakapokutana na dirisha lililovunjika.

Dagaa nimewapakia kwenye basi la leo, kawachukue kesho stendi ya Magufuli kabla ya jioni. Wamekauka vizuri, ila wasikae kwenye mfuko wa plastiki, wataota ukungu. Wahamishie kwenye kikapu. Doto anauliza kama ile chaji ya simu ulibeba wewe. Fundi wa bati amesema atakuja wiki ijayo, na mvua imeshaanza, basi ile pesa ya bati ukiipata itume mapema.

Sentensi za "fear" (kuogopa) na "frighten" (kutisha) zipitie upya kabla ya Jumatatu. Kwa "fear" mwenye hofu ni Arg0. Kwa "frighten" mwenye hofu ni Arg1. Ukimaliza nitumie nizione.

Mama yako