Daftari la zaka lisije msibani kabla yetu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, maana hili jambo limenikaa rohoni tangu masika na mke wangu ameshachoka kulisikia.

Mi ni Mkatoliki na nimekua mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, yaani kikundi cha majirani Wakatoliki wanaosali pamoja, miaka sita, kwahiyo ninayoyasema hapa yananihusu na mimi. Mtaani kwetu alifariki bibi mmoja mjane, alikua anauza vitumbua pale njiapanda mpaka miguu ilipoanza kuvimba akaacha kutoka. Siku ya msiba, wamama wako nyuma wanachambua mchele, katekista akaja na kauntabuku ya zaka, akaiweka kwenye goti akaanza kushuka na kidole mpaka jina la bibi likaonekana. Mwaka juzi katoa miezi mitatu, mwaka jana hamna kitu, jumuiya hahudhurii. Binti yake kasimama mbele yetu na chupa ya chai mkononi, hajui aendelee kutumiminia au aiweke chini. Tukaambiwa hapohapo padri haji na misa hamna, katekista ataongoza sala ila familia imalize deni kwanza. Deni la marehemu! Likalipwa kwa hela ya rambirambi, sala ikaenda kama dakika kumi hivi tukarudi. Na mimi mwenyekiti mzima nimekaa pale kimya, kikombe mkononi.

Baadae nikaenda kwa padri mmoja mzee mstaafu, akanifungulia Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983. Kanuni ya 1184 inataja wa kunyimwa mazishi ya kanisa: walioasi imani wazi wazi, waliochagua kuchomwa moto kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa hadharani ambao kuwazika kungewakwaza waamini. Na hata hao, kama walionyesha dalili ya kutubu kabla ya kufa basi wanazikwa. Zaka haimo. Kurasa hizohizo, kanuni ya 1181, inasema kabisa kusiwe na upendeleo kwenye mazishi na maskini asinyimwe mazishi yanayostahili. Sasa sisi hii sheria yetu ya kauntabuku tuliitoa wapi?

Sisemi zaka isilipwe. Umeme wa kanisa unalipiwa, na huyo katekista mwenyewe anachopata kwa mwezi ni aibu kukitaja gazetini. Ila hizi jumuiya maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipozipa kipaumbele mwaka 1976, nia ilikua kanisa liwe la majirani, watu wachache wanaojuana, mmoja akiugua mwenzie ajue. Siku hizi tukikutana kwenye jumuiya tunasoma Injili dakika tano, michango nusu saa.

Papa Francis mwaka 2013, Alhamisi Kuu asubuhi, aliwaambia mapadri wawe wachungaji wenye harufu ya kondoo. Hilo neno wengi wamelisikia, limehubiriwa sana mpaka limezoeleka. Jioni ya siku hiyohiyo akaenda gereza la vijana la Casal del Marmo kule Roma akapiga magoti akawaosha miguu vijana 12, kuna wasichana humo na mmoja wao Muislamu, na sidhani kama kuna aliyeulizwa kadi ya zaka. Mi hicho ndo ninachokiita uongozi, kiongozi anakufuata ulipo hata kama pananuka. Hata nabii Ezekieli sura ya 34 wachungaji wanashtakiwa kwa mgonjwa ambaye hawakumponya na aliyepotea ambaye hawakumtafuta, soma mwenyewe uone kama kuna mahali wanaulizwa wamekusanya kiasi gani.

Bibi wa watu alikaa ndani karibu mwaka mzima. Kutoka kwangu mpaka kwake ni nyumba nne, na sikuwahi kwenda.

Kwenye kikao nimeomba kauntabuku iongezwe safu moja tu, tarehe ya mwisho mtu alipotembelewa na nani alienda. Mjumbe mmoja akasema tutakosa muda, wengine wakacheka. Nimeanza mwenyewe na daftari langu la shule ya mtoto. Wiki iliyopita nikaenda kwa mzee mmoja ambaye zaka yake ni mistari mitupu tangu mwaka jana, nikagonga, akatoka mpangaji mpya akaniambia huyo mzee alishahama miezi minane iliyopita.

Msomaji wako,
Moshi